Habari za Kukabidhi Shule Zetu

Katika mwaka wa Yubilei ni desturi kuhesabu yale yaliyojengwa: makanisa, shule na zahanati. Lakini mwenye nyumba aliye na akili huhesabu pia yale aliyoyakabidhi kwa wengine. Kwa hiyo nataka kueleza jinsi shule zilivyotoka mikononi mwa misioni, ili tujifunze.

Zamani misioni ndizo zilizoendesha shule nyingi za Tanganyika. Mwezi wa Oktoba 1925 Serikali ilikutana na wamisionari Dar es Salaam, wakapatana hivi: misioni zifundishe, Serikali ikague, na shule iliyofikia kipimo isaidiwe kwa fedha. Mapatano hayo yaliifaa sana Serikali, kwa maana shilingi yake ilifanya kazi ya shilingi mbili. Kwa nini? Kwa sababu wazazi walikata miti, wakafyatua matofali, wakaezeka nyasi. Na mwalimu alipokea mshahara mdogo, na baada ya masomo akafundisha katekisimu bila ujira. Kazi hizo hazikuandikwa katika daftari lo lote.

Walakini kasoro zilikuwapo, wala tusizifiche. Shule zilisimama pale misioni ilipofika. Kilimanjaro na Bukoba zilikuwa nyingi. Sehemu nyingine zilikuwa chache mno. Mahali pengine misioni zilishindana, na fedha zikatumika mara mbili kwa kazi moja. Nao wazazi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao, wasije wakabadilishwa dini. Hivyo watoto wengi wakakosa elimu.

Ndipo mwaka wa 1969 Bunge likapitisha Sheria ya Elimu, na shule zilizokuwa zikisaidiwa zikawa mali ya Serikali. Minaki ya Waanglikana na Pugu ya Wakatoliki zilikuwamo. Seminari zikabaki kwa Kanisa. Walimu hawakufukuzwa, kwani tangu mwanzo wa miaka ya 1960 walikuwa wamekwisha kuunganishwa katika utumishi mmoja. Mafundisho ya dini nayo yakaachiwa nafasi yake. Basi mkono uliokuwa juu ya shule ulibadilika, lakini mwalimu alibaki mbele ya watoto wale wale.

Je, ilikuwa faida au hasara? Naona yote mawili. Mwaka wa 1974, huko Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba ifikapo Novemba 1977 watoto wote wapate elimu ya msingi. Kazi kubwa namna hiyo isingaliwezekana kama kila shule ingalikuwa na bwana wake. Lakini kitu kimoja hakikukabidhiwa, kwa kuwa hakikuandikwa: ule moyo wa wazazi. Bati likipasuka, watu walianza kusema, "Hiyo ni ya Serikali," wakapita. Ndipo matengenezo yaliyofanywa bure yakahitaji fedha, na fedha hazikutosha.

Tazameni tena hospitali ya Bugando, Mwanza. Wakatoliki waliifungua mwaka wa 1971, Serikali ikaichukua mwaka wa 1972, na mwaka wa 1985 ikairudisha kwa mapatano: Kanisa liongoze, Serikali iendelee kulipa watumishi. Mwaka wa 1992 Serikali na Makanisa wakatiana mkataba wa kushirikiana katika elimu na afya. Hivyo baada ya miaka mingi watu wakarudia maana ile ile ya 1925.

Ndugu zangu, wafadhili wa ng'ambo hawatatusaidia milele. Siku moja parokia italazimika kukabidhi zahanati yake, au kuifunga. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tusiandike vitanda na dawa tu. Tuandike pia siku za kazi ambazo watu hujitolea, na gharama ambayo wangelipwa wengine kama wasingefanya wao. Halmashauri ya wazazi isivunjwe siku ya kukabidhi, bali ikabidhiwe pamoja na funguo. Tena tuulize mapema ni nani atakayemtibu maskini siku ya pili yake. Asipopatikana wa kujibu, wakati wa kukabidhi haujafika.

Mungu awabariki wazee wetu waliobeba matofali yale, na atupe sisi uaminifu katika kuyatunza.