Kuhariri mstari wa amri katika sheli za Unix

Kuhariri mstari wa amri ni kuirekebisha amri kabla ya kubonyeza Enter: kurudi kwenye herufi iliyokosewa, kufuta neno, kuita amri ya jana, kukamilisha jina la faili kwa Tab. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa si ya kibodi wala ya dirisha la terminali. Ni ya sheli, programu inayopokea amri na kuziendesha. Kwa hiyo mtu akihama sheli, vitufe vilevile huanza kufanya mambo mengine.

Sheli ya Stephen Bourne, iliyotoka na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, haikuwa na uhariri wake. Mtumiaji aliweza kufuta herufi ya mwisho au mstari mzima, basi. Bill Joy wa Berkeley aliipa sheli yake, csh, kumbukumbu ya amri: alama !! hurudia amri iliyopita. Sheli ya David Korn, iliyotangazwa 1983, ikaleta mitindo miwili inayotumika hadi leo, mmoja wa kihariri Emacs na mwingine wa vi. Bash (Brian Fox, 1989) hutegemea maktaba ya Readline. Zsh (Paul Falstad, 1990) ina mtambo wake, hivyo faili la mipangilio ya Readline, .inputrc, ulilolipanga kwa miaka hailisomi kabisa.

Tofauti ndogo ndizo zinazoudhi zaidi. Ctrl+U katika Bash hufuta kutoka kiashiria kilipo hadi mwanzo wa mstari. Katika zsh hufuta mstari wote. Ctrl+R katika hizo mbili hutafuta amri za zamani, lakini katika tcsh, toleo lililoboreshwa la csh, huchapa tu mstari upya. Zsh nayo ikikuta neno vi ndani ya kigeu EDITOR, huhamia mtindo wa vi bila kuuliza.

Mafunzo ya wahandisi wa mitandao ya AfNOG, jumuiya ya waendesha mitandao wa Afrika, yaliyofika Kampala 2003, Nairobi 2006, Kigali 2010 na Dar es Salaam 2011, kwa miaka mingi yalifundishia FreeBSD, mfumo wa familia ya Unix. Humo root, yaani akaunti ya msimamizi, ilipewa csh, ambayo kwa hakika ni tcsh, mpaka toleo la 14 la mwaka 2023. Mwanafunzi aliyerudi kazini kwenye seva za Linux alipokewa na Bash.

Ubuntu nayo ina mtego wake: akaunti iliyofunguliwa kwa useradd bila kutaja sheli hupewa sh, ambayo ni dash, sheli isiyo na uhariri wa mstari. Ukibonyeza mshale wa juu, unaona ^[[A. Kwa aliyeingia kwenye seva kwa SSH kupitia mtandao wa simu unaosuasua, kuandika upya amri ndefu kila mara ni adhabu.

Amri echo $0 kwa kawaida hutaja sheli uliyomo. Katika Bash na ksh, set -o emacs hurudisha mtindo wa Emacs. Katika zsh na tcsh ni bindkey -e. Amri chsh -s hubadilisha sheli kwa kudumu, ila ipewe njia sahihi: katika FreeBSD, Bash hukaa /usr/local/bin, si /bin.