Hongo, Doti na Megabiti: Somo la Njia Kuu kutoka Usinge

Hivi karibuni nilikuwa Usinge, kituo cha Reli ya Kati kati ya Kaliua na Nguruka, nyumbani kwa dada yangu. Binti yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa amepewa kazi ya kuandika insha ya Kiingereza kuhusu kuboresha intaneti. Daftari lake lilijaa maneno mazito: "bandwidth", "latency", "throttling", "net neutrality". Maana zake alizikariri kama zilivyo katika kamusi. Nilipomwomba anieleze "throttling" kwa Kiswahili, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjomba, hilo tunalitaja kwa Kiingereza tu."

Jioni hiyohiyo dada yangu alilalamika kwamba kifurushi chake hakijaisha, lakini kasi imeshuka ghafla. "Intaneti imechoka," alisema. Huenda ni mnara uliozidiwa na watumiaji. Huenda ni mtoa huduma aliyebana kasi kwa makusudi, na huko kubana ndiko kunakoitwa "throttling". Binti alikuwa na neno, mama alikuwa na shida yenyewe, wakaketi chumba kimoja bila mmoja kumsaidia mwenzake.

Jambo hili lina historia katika ardhi ileile. Katika karne ya 19, misafara kutoka Bagamoyo ilipita Tabora, ikavuka mto Malagarasi, ikafika Ujiji. Watawala wa njiani walidai malipo ya kupita yaliyoitwa hongo. Leo neno hilo lina maana ya rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia uliojulikana na wote. Mwaka 1871, Mtemi Mirambo wa Urambo alipogombana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, aliifunga njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzunguka kwa kusini, na alipoingia Uvinza bado akadaiwa hongo.

Sasa tulitazame neno "net neutrality", lililobuniwa na mwanasheria Tim Wu wa Marekani mwaka 2003. Linauliza hivi: je, mwenye njia anaruhusiwa kupitisha haraka mizigo ya anayemlipa zaidi, na kuchelewesha ya wengine? Mpagazi wa Kinyamwezi angelielewa swali hilo bila kamusi. Wazee wetu waliligombania kwa maneno na kwa bunduki. Binti yetu analikariri kama kitu kilichozaliwa ng'ambo.

Tena, mpagazi alikuwa na faida moja tuliyoipoteza: alikijua kipimo. Hongo ililipwa kwa shanga, waya na nguo, na nguo ilipimwa kwa doti. Doti moja ilikuwa mikono 8. Mtu yeyote angeweza kunyoosha mkono wake akahakiki. Leo kasi ya intaneti hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali vifurushi huuzwa kwa megabaiti na gigabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo anayeahidiwa megabiti 8 kwa sekunde hupata, hali ikiwa njema kabisa, megabaiti moja tu kwa sekunde. Ni wateja wangapi wamewahi kuelezwa hesabu hiyo kwa lugha wanayoifahamu?

Wapo wanaosema kwamba Kiswahili hakina uwezo wa mambo haya. Neno "simu" linawajibu. Asili yake ni Kiajemi, kwa maana ya waya. Waliosema Kiswahili walilitumia kwa telegrafu, kisha kwa mazungumzo ya mbali, na leo linabeba chombo tunachotembea nacho mfukoni. Lugha iliyofanya hivyo haishindwi na upana wa njia, kubana kasi au usawa wa njia.

Kilichopungua ni uamuzi. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na matokeo yake ni daftari nililoliona Usinge.

Sisemi binti aache Kiingereza. Ajifunze maneno hayo yote, kwa sababu mikataba na viwango vya kimataifa vya mitandao vimeandikwa humo. Ninachosema ni kwamba kila neno alipitishe kwanza katika swali la nyumbani: nani anamiliki njia, nani anatozwa, kipimo ni kipi, na mlalamikaji aende wapi? Tunayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania tangu mwaka 2003. Lakini raia anayejua tu kwamba intaneti "imechoka" hana cha kuishtakia. Anayejua kwamba kasi aliyolipia imebanwa, anacho.

Usiku ule tuliketi watatu tukaisoma insha upya, mama akiuliza, binti akieleza. Lilipofika zamu ya "throttling", hakunyamaza tena.