Umeshika jiwe la bluu: utajuaje kama ni tanzanaiti?

Kila tunapozungumzia madini hewani, swali linalorudi ni lile lile: nimepata jiwe, nitajuaje kama ni tanzanaiti? Wanaouliza si wanunuzi peke yao. Wapo wachimbaji wadogo walioliuza jiwe la kahawia kwa bei ya kutupa, baadaye wakaambiwa lilikuwa lenyewe. Wapo pia waliotoa akiba ya mwaka mzima wakapewa kioo. Makala hii inaeleza mambo unayoweza kuyaangalia mwenyewe kabla pesa haijabadilisha mikono.

Tanzanaiti ni nini?

Ni aina ya madini yaitwayo zoisaiti, ambayo ni muungano wa silika, kalsiamu na alumini. Rangi yake ya bluu na zambarau inaletwa na kiasi kidogo cha vanadiamu. Iligunduliwa mwaka 1967, na mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya Marekani ikaipa jina hili la kibiashara. Hadi leo inachimbwa kibiashara Mererani tu, wilayani Simanjiro, mkoani Manyara. Mtu akikuambia tanzanaiti yake imetoka Tunduru au Umba, una sababu ya kutia shaka.

Usianze na rangi

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia au kahawia yenye kijani. Bluu tunayoiona dukani mara nyingi hupatikana baada ya jiwe kuchomwa kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi. Kwa hiyo jiwe la kahawia linaweza kuwa tanzanaiti, na jiwe la bluu kali linaweza kuwa kioo.

Lizungushe kwenye mwanga

Lisafishe jiwe, lishike kuelekea mwanga wa mchana, kisha lizungushe polepole. Tanzanaiti ambayo haijachomwa huonyesha rangi tatu kulingana na upande unaotazama: bluu, zambarau, na kahawia au manjano. Iliyochomwa hubaki na bluu na zambarau. Kioo hakibadiliki hata ukizungushe kutwa nzima. Amethisti hubadilika kidogo tu, zambarau hadi zambarau. Tahadhari na ayolaiti, ambayo nayo hubadilika sana, kutoka bluu hadi manjano hafifu.

Angalia pia umbo. Jiwe ghafi lenye umbo lake la asili huwa na mistari midogo inayofuata urefu wake. Likivunjika, upande mmoja hupasuka bapa na kung'aa, ilhali kioo huacha mapindo kama ya ganda la kombe. Weusi wa kinywe unaochafua vidole ni dalili njema, kwa kuwa Mererani madini haya hukaa kwenye miamba yenye kinywe. Lakini usiutegemee peke yake. Weusi mtu anaweza kuupaka.

Lipime kwa maji

Kipimo hiki hakiharibu jiwe. Tafuta mzani mdogo wa kidijitali unaosoma hadi gramu 0.01.

1. Pima jiwe likiwa kavu. Tuseme ni gramu 10.
2. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, urudishe namba kwenye sifuri.
3. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, ulizamishe lote bila kugusa chini wala pembeni. Soma namba.
4. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili.

Ukisoma gramu 3, jibu ni 3.3, na tanzanaiti huwa karibu na 3.35. Amethisti hutoa 2.65, ayolaiti karibu 2.6, kioo cha kawaida 2.5, na yakuti ya bluu, yaani safaya, 4.0. Jiwe likiwa na mwamba umeng'ang'ania, au likiwa dogo sana, jibu halitakuwa sahihi.

Mambo ya kuepuka

Usilichore jiwe kwenye kioo. Amethisti na yakuti nazo huchora kioo, kwa hiyo hujathibitisha kitu. Usiligonge kwa nyundo, kwani ugumu wake ni 6 hadi 7 tu na hupasuka kirahisi. Wala usilichome jikoni: jiwe lenye nyufa au uchafu ndani linaweza kupasuka, na thamani ikaishia hapo hapo.

Neno la mwisho ni la mtaalamu

Vipimo hivi vinakusaidia kukataa jiwe bandia la wazi, na kutolitupa la kweli. Havitoshi kuthibitisha. Kuna fosteraiti inayotengenezwa maabara ambayo rangi na uzito wake vinakaribiana sana na vya tanzanaiti. Kabla ya kuuza au kununua, lipeleke jiwe kwa wathamini kwenye soko la madini, au Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha. Na anayekuharakisha ukubali bei kabla jiwe halijapimwa, mwache aende na haraka yake.