Kosa la mara nane: historia ya kujaribu programu kabla ya siku yake

KIPUSHI – Tarehe 30 Desemba 2018, wakaaji wa Kipushi walipiga kura kwa mashini kwa mara ya kwanza. Mpiga kura aligusa picha ya mgombea, mashini ikachapa karatasi, karatasi ikaingia ndani ya sanduku. Mwaka 2023 mashini zikarudi. Katika nchi nzima watu waliuliza: ordinatere ikikosea hesabu, nani atajua?

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa Kenya, na jibu lake linafaa kusikiwa hapa kwetu.

Tarehe 4 Machi 2013, Wakenya walipiga kura kwa karatasi. Tume yao ya uchaguzi, IEBC, ilikuwa imepanga kila kituo kitume hesabu yake kwa simu. Ordinatere za Nairobi zingepokea, zingejumlisha na kuonyesha taifa zima kwenye skrini. Hesabu zilipoanza kufika, jambo moja lilishitua watu: kura zilizoharibika zilipita 300,000, na bado vituo vingi vilikuwa havijatuma.

Hesabu hiyo haikuwa jambo dogo. Katiba ya Kenya ya 2010 inadai mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura. Kama kura zilizoharibika zinaingia katika jumla, asilimia ya kila mgombea inashuka. Mabishano yakaanza papo hapo.

Baadaye mwenyekiti wa tume, Isaack Hassan, alieleza kwamba kulikuwa na kosa ndani ya programu: kila kura iliyoharibika ilizidishwa mara nane. Kutuma kwa simu nako kulikwama, na maofisa wakaleta fomu zao Nairobi kwa mkono. Tarehe 9 Machi hesabu ya mwisho ilitoka: kura zilizoharibika zilikuwa 108,975 tu. Uhuru Kenyatta alipata 6,173,433 kati ya 12,330,028, yaani asilimia 50.07. Alivuka nusu kwa kura elfu nane na mia kadhaa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 30 Machi ilithibitisha ushindi wake na kusema kura zilizoharibika zisihesabiwe katika kutafuta asilimia.

Kosa la namna hiyo linakamatwaje kabla ya siku yenyewe? Hapo inaingia historia nyingine, ya watu wanaoandika programu.

Programu nyingi za mtandao zina sehemu inayoitwa kontrola. Ni kama gishe ya ofisi ya serikali. Mtu analeta karatasi zake. Karani wa gishe anaangalia yeye ni nani, karatasi zimekamilika au hapana, anazipeleka ofisi ya ndani, kisha anarudisha jibu. Mpango huo wa kugawa kazi ulibuniwa na Trygve Reenskaug, Mnorwe aliyekuwa Xerox PARC, California, mwaka 1979. Ulikuwa wa skrini za ordinatere, kabla mtandao wa leo haujakuwapo.

Zamani, kujaribu gishe hiyo ilikuwa kazi ya mtu: anakaa, anajaza fomu, anaangalia jibu. Akichoka, anaacha. Programu ikibadilishwa kesho, hakuna anayerudia yote. Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zürich kwenda Atlanta, waliandika JUnit, chombo kinachofanya ordinatere yenyewe ijaribu programu na kurudia majaribio yote kila mara kitu kinapobadilishwa. Mwaka 2004 Rails, ya David Heinemeier Hansson, ikatoka na nafasi ya majaribio ya kontrola iliyokwisha kutayarishwa.

Jaribio lenyewe ni fupi. Tuma fomu ya kituo: kura halali 400, zilizoharibika 5. Jibu lazima lionyeshe 5. Likionyesha 40, jaribio limeanguka na kazi inasimama. Mistari michache kama hiyo inatosha kukamata kosa la mara nane.

Lakini kuna mtego. Kama aliyeandika jaribio aliweka kura zilizoharibika 0, mara nane ya sifuri ni sifuri. Jaribio lingepita na kosa lingebaki limejificha. Kwa hiyo gishe inajaribiwa pia kwa mambo yanayosumbua: fomu ileile imetumwa mara mbili, kituo kisichokuwa kwenye orodha, kura nyingi kuliko watu walioandikishwa, mtu asiye na ruhusa.

Mwaka 2016, toleo la tano la Rails liliongeza fundisho lingine. Waandishi wake waliwaambia watu waache kupeleleza ndani ya kontrola na wapime kile kinachotoka nje. Haisaidii kujua karani alifungua droo gani. Kinachofaa ni kusoma karatasi aliyokurudishia.

Kenya yenyewe ilijifunza kazi hiyo. Ushahidi, programu iliyozaliwa Januari 2008 wakati wa fujo za baada ya uchaguzi ili raia watume habari za waliyoyaona, ilitumiwa mwisho wa mwaka huohuo kwa vita vya Kivu ya Kaskazini. Toleo lake la tatu liliandikwa pamoja na majaribio yake, na maandishi yote yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma.

Hata nje ya uchaguzi, jambo hili linagusa Kipushi kila siku. Hesabu za wagonjwa wa malaria zinapita kwenye DHIS2, programu inayotumiwa na huduma za afya za nchi. Matamko ya bidhaa mpakani na Zambia yanapita kwenye Sydonia ya DGDA. Hesabu mbaya ya wagonjwa inaleta dawa chache au nyingi kupita kiasi. Hesabu mbaya ya forodha inamfungia mchuuzi mizigo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkaaji wa kawaida hahitaji kujua kuandika programu ili aulize ufa uko wapi. Mashini mpya ikiletwa, maswali mawili yanatosha: ilijaribiwa kwa hesabu gani, na nani nje ya ofisi aliona majibu? Nairobi mwaka 2013, maswali hayo yaliulizwa wakati skrini ilikuwa imekwisha kuwaka mbele ya taifa.