Chuma na Shaba katika Historia ya Pwani

Chuma na shaba ni madini yaliyotumika pwani ya Afrika ya Mashariki tangu zamani, lakini hayakuacha ushahidi sawa. Shaba ni laini, huyeyuka kwa joto la nyuzi 1085, na ikikaa ardhini hufanya ganda la kijani lipunguzalo kuliwa kwake. Ndiyo sababu sarafu za shaba zilizotolewa na masultani wa Kilwa zimeokotwa kwa maelfu, na majina yao yasomeka.

Chuma huyeyuka kwa nyuzi 1538. Tanuri za kale za Afrika kwa kawaida hazikukiyeyusha kikawa maji; mhunzi alipata bonge lililochanganyika na mavi ya chuma, akalifua mpaka likawa jembe, shoka au mkuki. Vyombo hivyo vilishinda shaba kwa ugumu, lakini kutu huvila hata vikaisha.

Basi apimaye utajiri wa kale kwa vitu vilivyosalia tu atakipunja chuma. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake huko Sicily mwaka 1154, aliandika kwa habari alizopewa kwamba chuma ndicho kilichowapa watu wa Malindi faida kubwa kabisa. Lugha nayo yatoa ushahidi wake: shaba ni neno lililotoka katika Kiarabu, ilhali chuma ni neno la Kibantu, lenye ndugu zake katika lugha nyingi za bara. Hapana budi sarafu zisomwe pamoja na mavi ya chuma, maandishi na maneno yenyewe.