Kujipanga (kuhusu vishada-nano vya metali)

Maana. Katika kemia, kujipanga ni tendo la chembe ndogo mno kukaa katika mpangilio wenye utaratibu pasipo kupangwa moja moja kwa mkono au kwa chombo. Kishada-nano ni fungu la atomi za metali lenye upana wa nanomita chache. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kishada maarufu cha dhahabu ambacho umbo lake lilibainishwa mwaka 2007 kina atomi 102 kamili, zilizozungukwa na molekuli 44 za kuzifunika.

Vitenzi vitatu visivyobadilishana. Kosa linaloharibu tafsiri nyingi za mada hii ni kutumia *kukusanyika* kwa kila hatua. Hatua ni tatu, na kila moja ina kitenzi chake.

1. *Kuundwa.* Ioni za metali zilizomo katika chumvi iliyoyeyushwa hupewa elektroni, zikawa atomi, nazo atomi zikashikana kuwa kishada. Kauli ya kutendwa inafaa kwa kuwa mkemia ndiye mtenda. Mwaka 1994 huko Liverpool, Uingereza, Mathias Brust na wenzake walihamisha dhahabu kutoka majini hadi kwenye toluini kwa msaada wa molekuli zenye tabia ya sabuni, kisha wakaipa elektroni kwa kutumia sodiamu borohidridi. Walipata chembe za nanomita 1 hadi 3.

2. *Kugandamana.* Vishada visivyofunikwa hushikana ovyo, vikawa bonge lisilo na utaratibu na kutuama chini. Kwa mtafiti, hii ni hasara.

3. *Kujipanga.* Vishada vilivyofunikwa hukaribiana kadiri kimiminika kinavyokauka. Mikia ya molekuli zilizovifunika huzuia metali isigusane na metali, navyo hukaa safu juu ya safu mithili ya machungwa juu ya meza ya sokoni. Tofauti ni kwamba hapa hakuna muuzaji aliyeyapanga.

Anayeandika *kukusanyika* katika hatua ya pili na ya tatu humwacha msomaji asijue kama jaribio limefaulu au limeharibika.

Kiambishi -ji-. Wapo wanaokikataa *kujipanga* kwa hoja kwamba kirejeshi hudai nia, kama katika *timu imejipanga vizuri*. Hoja hiyo haitoshi. Twasema *mlango umejifunga* na *mtoto amejikwaa*, wala hatumaanishi kwamba mlango una akili au kwamba mtoto alikusudia. Kinachodokezwa ni kutokuwapo kwa mtenda wa nje. *Kupangika* hakukidhi haja, kwani huelekea kueleza uwezekano: *vitabu hivi vinapangika*. Panapohofiwa utata, ongeza *-enyewe*: *vishada hujipanga vyenyewe*.

Kama nomino, kitenzijina kinatosha. *Kujitegemea* kilibeba dhana nzima ya kisiasa katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 bila kuhitaji umbo jingine.

Kipunguza mvutano. Sabuni ni aina moja tu ya molekuli hizi, ambazo upande mmoja hupenda maji na upande mwingine huyakimbia. Jina la jumla lililo wazi ni *kipunguza mvutano*, kwa kuwa hupunguza mvutano wa uso wa maji. Muundo wake ni ule wa *kipaza sauti*. Hata hivyo, katika mada hii kazi yake kuu ni kufunika na kutenganisha, na mfasiri alieleze hilo mara ya kwanza anapolitaja. Mwaka 2000 Shouheng Sun na wenzake wa IBM, Marekani, walifunika chembe za chuma na platinamu kwa asidi ya oleiki, ambayo imo kwa wingi katika mafuta ya zeituni, pamoja na oleilamini. Walipoweka molekuli zenye mikia mifupi zaidi, nafasi kati ya chembe ilipungua. Urefu wa mkia ndio ulioamua umbali.

Tahadhari.
- *Metali*, si *madini*. Chumvi ya mawe ni madini, lakini si metali.
- *Kishada*, si *kishazi*. Kishazi kimekwisha kutwaliwa na sarufi.

Mifano.
- Sahihi: *Vishada vya dhahabu viliundwa katika toluini, vikajipanga kimiminika kilipokauka.*
- Sahihi: *Kipunguza mvutano kilipopungua, vishada viligandamana.*
- Si sahihi: *Madini yalikusanyika kwa sabuni.* Sentensi ni sanifu kisarufi, ila haielezi kilichotokea.

Tazama pia: *atomi, chembe, ioni, metali, mvutano.*