Tembo wa Bombay, chapati ya Mpanda

Katikati ya mwaka 1879 meli kutoka Bombay ilitia nanga mbele ya Msasani, kaskazini mwa Dar es Salaam, ikiwa imebeba abiria ambao pwani yetu haikuwazoea: tembo wanne wa Kihindi, madume wawili na majike wawili, pamoja na Wahindi waliowafunza na kuwaendesha. Tembo walishushwa majini wakaogelea hadi ufukweni. Majina yao yameandikwa katika kumbukumbu za safari ile: Sosankalli, Naderbux, Sundergrund na Pulmalla. Walikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, na mwisho wake ulikuwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo ni sehemu ya mkoa wa Katavi.

Aliyewaleta ni Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Miaka mitatu kabla, mwaka 1876, alikuwa ameunda Brussels jumuiya ya kimataifa ya kuichunguza Afrika, na mwezi Agosti 1879 mtu wake, Kapteni Cambier, alifika Karema na kuanza kujenga kituo. Kikwazo kilikuwa mizigo. Ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo kila kitambaa, kila kasha la risasi na kila gunia la chumvi lilisafiri juu ya kichwa au bega la mpagazi. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi. Tembo mmoja alitarajiwa kubeba karibu nusu tani. Zaidi ya hapo, waliotuma msafara ule walitumaini kwamba tembo waliofunzwa wangesaidia kuwakamata na kuwafuga tembo wa hapa.

Kiongozi wa msafara alikuwa Kapteni Frederick Carter. Mwanzoni mambo yalitia moyo. Tembo walipita kwenye mbung'o bila kuanguka kama ng'ombe, na vijijini watu walitoka kuwatazama, maana tembo waliyemjua wao alikuwa wa kuwindwa au wa kukimbiwa, si wa kumtii mtu aliyeketi shingoni mwake. Lakini mizigo ilizidi uwezo wao, na chakula kilikuwa tatizo kubwa. Tembo wa kazi huko India hali majani peke yake. Hulishwa nafaka na mikate minene ya unga, huogeshwa na hupumzishwa. Huku walitembezwa mchana kutwa wakaachwa wajitafutie usiku. Kuanzia Mpwapwa wakaanza kufa. Msafara uliofika Karema mwishoni mwa mwaka ule ulikuwa mabaki tu ya ule ulioondoka pwani, na mpango wa kufuga tembo haukuota mizizi.

Carter mwenyewe hakurudi pwani. Juni 1880, yeye na mwenzake Cadenhead walikuwa wametoka Karema wakarudi mashariki, wakafika Mpimbwe wakati vita imeshawaka. Majeshi ya Mirambo, mtemi wa Unyamwezi, na mshirika wake Simba yaliuvamia mji waliofikia, na wote wawili wakauawa. Mirambo alijitetea kwamba hakujua kama kulikuwa na Wazungu ndani, lakini balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, hakumwamini tena, na urafiki waliokuwa wameujenga ukavunjika. Leo Mpimbwe ni halmashauri kamili ndani ya Katavi. Wanafunzi wengi wa pale wanamjua Mirambo kutoka vitabuni, na wangestahili kujua pia kwamba moja ya siku nzito za utawala wake ilipita kwenye ardhi yao.

Nimeanza na tembo kwa sababu habari yao inageuza jambo tulilozoea. Kwa miaka mingi kabla yao, tembo wa nchi hii walikuwa wakienda India, ila walikwenda vipande vipande. Pembe za Afrika Mashariki ni laini, huchongeka bila kupasuka, na mafundi wa Gujarat na Kutch walizipenda kwa bangili za maharusi. Bibi harusi wa kule aliingia nyumba ya mumewe na mikono iliyojaa pembe za ndovu, nyingine bila shaka zilizotoka misitu ya Ukonongo na mbuga za mto Katuma, pande hizi za Katavi. Upande wa pili, kaniki zilizotiwa rangi ya nili huko India zilipanda njia ya misafara mpaka Tabora, zikashuka hadi ziwani. Kabla Mzungu yeyote hajalitia ziwa hili kwenye ramani yake, wanawake wa pande hizi walikuwa tayari wanajifunga nguo ya Kihindi.

Wafanyabiashara wenyewe walifuata mali zao. Tangu miaka ya 1820 Musa Mzuri, Khoja kutoka Surat, alifanya biashara Unyamwezi, akajenga makao Kazeh, jirani na Tabora ya leo. Hapo alipokea wageni wa kila aina. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walimjua katika safari yao ya 1857 hadi 1859, na Speke aliporudi na Grant mwaka 1861 ni Musa aliyewakaribisha nyumbani kwake. Watu waliotoka kulala ardhini na kula walichopata njiani walikuta kwake baraza, mikeka, mchele, nyama iliyotiwa viungo, na mwenyeji anayezijua habari za Karagwe na Buganda kuliko ramani yoyote iliyokuwa London. Mwaka uleule wa 1861 Musa alifariki. Kwa maoni yangu yeye ndiye mwenye hoteli wa kwanza wa magharibi ya nchi hii ambaye jina lake limehifadhiwa, ingawa hakumtoza mgeni kwa usiku.

Baada yake walikuja wakubwa zaidi. Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, aliyefariki 1897, alipanga misafara na kukodisha wapagazi, na sehemu ya utajiri wake aliitoa kwa hospitali. Jina lake bado liko kwenye jengo la Sewa Haji pale Muhimbili. Mtu aliyeanzia kazi kwake, Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, akasambaza maduka kando ya njia ya misafara, yakiwamo ya Tabora na Ujiji. Wajerumani walipoitawala nchi hawakuweza kuiondoa fedha ya Kihindi mikononi mwa watu, wakaamua kutengeneza rupia yao wenyewe. Hata mwaka 1916, walipozingirwa na vita na kulazimika kugonga sarafu za dhahabu katika karakana Tabora, waliandika juu yake rupia 15, na picha waliyoweka ni tembo.

Mpanda haikuwapo wakati huo kama mji. Ilizaliwa na madini. Kampuni ya Uruwira Minerals ilikuwa ikichimba risasi huko Mukwamba, na ili mali itoke, tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua, kilomita 210, likafunguliwa mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki, na pamoja nayo ukabaki mji wenye tabia za miji yote ya reli Tanganyika: stesheni, mtaa wa maduka yenye kibaraza mbele, duka lenye mizani, daftari la wadeni na pipa la mafuta ya taa. Nta na asali vilitoka porini, sukari, chumvi na vitenge vikaingia. Mwenye duka Mhindi na mkulima waliongea Kiswahili cha biashara, kila mmoja na lafudhi yake, na mkopo ulilipwa baada ya mavuno.

Hapo ndipo chakula cha Kihindi kilipoingia mjini kwa mlango wa mbele. Ukitaka kuiona India ya Mpanda, nenda asubuhi na mapema kwenye hoteli yoyote iliyo karibu na stesheni au stendi. Mpishi ameshakanda unga kwa maji ya moto, chumvi na mafuta kidogo, akauacha ulale. Anakata donge, analisukuma, analipaka mafuta, analikunja kama kamba, analizungusha kama konokono, kisha analisukuma tena. Mkunjo huo ndio unaoifanya chapati yetu ichanike matabaka matabaka, na hapo imeachana na roti ya kila siku ya nyumba nyingi za India, ambayo haina mafuta na hupikwa kavu. Ya kwetu ni ndugu wa paratha. Tena huku haisubiri dengu: inaletwa na supu ya ng'ombe, ndimu imekatwa pembeni, pilipili iko kwenye kisahani. Sijaona mtu wa Mpanda anayeila chapati na supu akahisi anakula chakula cha wageni, na yuko sahihi.

Chai nayo ina habari yake. Majani yanatoka Mufindi na Rungwe, lakini namna ya kuipika, maziwa na maji na majani na tangawizi na iliki vikichemka pamoja katika sufuria moja, haikutoka kwa Mwingereza wa mashamba yale. Yeye aliweka maziwa kwenye kidumu chake kidogo, akayamimina mwishoni. Sisi tulijifunza kwa jirani aliyekuwa na duka. Sambusa, bajia, kachori na achari ya embe zilipita njia hiyohiyo. Pilau na biriani zilipitia pwani kwanza, zikabadilika huko: biriani ya Kihindi hupangwa tabaka la wali na tabaka la nyama ikaiva ndani ya sufuria iliyofungwa, ila sherehe ya Katavi itakupa wali upande mmoja na rojo lake upande mwingine. Na mchele wake si wa kuagizwa. Mabonde ya Mwamkulu na Kakese yanalima mpunga unaolisha mji na kusafirishwa nje ya mkoa.

Wenye maduka wengi wa Kihindi hawakubaki kuyaona hayo yote. Azimio la Arusha lilikuja 1967, sheria ya kutaifisha majengo ikafuata 1971, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga biashara nyingi za watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Familia za Kihindi zilihama miji midogo kwa mamia kote nchini, nyingine kwenda Dar es Salaam, nyingine Uingereza na Kanada. Sera zile zilikuwa na sababu zake, na dhuluma ya daftari la wadeni haikuwa hadithi. Hata hivyo mji uliopoteza majirani wake kwa muda mfupi namna ile ulipoteza pia kumbukumbu. Nani alifungua duka la kwanza Mpanda, nani alimfundisha nani kukunja chapati, maswali hayo yalitakiwa kuulizwa wakati wazee wa pande zote mbili wapo.

Siku hizi Mtanzania akisema ametoka India, mara nyingi ametoka kutibiwa au kusoma. Msafiri wa anasa anaiona nchi nyingine. Analala Taj Mahal Palace ya Mumbai, iliyofunguliwa 1903 na Jamsetji Tata, au kwenye majumba ya wafalme yaliyogeuzwa hoteli: Rambagh Palace ya Jaipur, na Lake Palace ya Udaipur ambayo imezungukwa na maji ya ziwa Pichola. Anavishwa shada la maua mlangoni, anawekewa sahani pana yenye vibakuli vya mboga na mchuzi tofauti, anahudumiwa na watu ambao babu zao walihudumia maharaja. Kisha anarudi kwao kusimulia ukarimu wa Kihindi. Simulizi hizo si za uongo. Lakini ukarimu unaouzwa kwa usiku mmoja ni sehemu ndogo sana ya ule aliokuwa nao Musa Mzuri, na sehemu ndogo zaidi ya ule uliosafiri na watu maskini waliobeba viungo kwenye masanduku ya bati.

Jambo hilihili lipo nyumbani kwetu. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa 1974 na kupanuliwa baadaye hadi kilomita za mraba 4,471, ina kambi chache za mahema ya kifahari kwenye nyika za Chada na Katisunga. Mgeni anashuka kwa ndege ndogo inayounganisha Katavi na Mahale, anapokewa na taulo baridi na glasi ya juisi, jioni anatazama viboko wamebanana katika matope ya Katuma wakati wa kiangazi. Analipa fedha nyingi, na anachokiona kinastahili. Anaondoka kwa ndege ileile. Mpanda hakufika, kijiji cha Sitalike amekipita kwa juu, na mkwaju wa Katabi, ambapo Wabende huacha sadaka kwa mzimu ulioipa mbuga jina, ameoneshwa akiwa ndani ya gari, ikiwa dereva amekumbuka.

Ningependa awepo mtu wa kumwambia mgeni huyo, usiku pale penye moto wa kambi, kwamba tembo anaowapiga picha wana historia na India ndefu kuliko hoteli zote alizowahi kulala. Waongozaji watalii wa mkoa huu wanajua majina ya ndege kwa mamia. Wakipewa na habari za Carter, Musa Mzuri na Sosankalli watazisimulia vizuri kuliko kitabu, kwa sababu wanapita kwenye ardhi yenyewe kila siku. Na mgeni akiletwa Mpanda kwa kifungua kinywa kimoja tu, fedha yake itamfikia mama aliyeamka saa kumi usiku kukanda unga.

Karema yenyewe inafikika. Wabelgiji waliikabidhi kwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, na misheni iliyokua pale ni miongoni mwa kongwe zaidi magharibi mwa Tanzania. Karibu nayo serikali imejenga bandari mpya ya kusafirisha mizigo kwenda Kongo, ng'ambo ya ziwa, na mipango ya reli ya kisasa inaitaja Karema kama mwisho wa tawi la Kaliua na Mpanda. Mzigo wa kilo 30 kwa kila kichwa utakuwa umepata jibu ambalo tembo wanne hawakuweza kulitoa.